Kasa chini ya maji: uchukue kamera ipi?

Karibu kila asubuhi, mashua ikiwa bado haijang'oa nanga, kuna mgeni atakayeninyooshea mkono na kuuliza: "Kaka, hii yangu itatoa kasa?" Mkononi huwa kuna simu ndani ya mfuko wa plastiki, au kamera ndogo ya kuvaa kifuani, au kikamera chekundu cha Olympus, au mara moja moja dude la alumini lenye taa mbili zilizojitanua kama magando ya kaa. Naongoza wazamiaji kaskazini mwa Unguja, na vyote hivyo nimeshavitumia kwa zamu, kimoja kikaishia kunywa maji ya chumvi. Mgeni huyo nami humuuliza: unadhani kasa atakuacha umkaribie kiasi gani? Ukishajua umbali, kamera inajichagua.

Nianze na hizo mbili za pembeni, maana hazina mjadala mrefu.

Simu ndani ya mfuko wa kuning'iniza shingoni ni ya kuogelea juu juu kwa miwani na mrija, basi. Apple wanasema iPhone 12 na nyingi zilizofuata zinastahimili mita 6 kwa dakika 30, na hivyo ni vipimo vya maabara, si vya mtu anayeshuka mita 14 akipiga mapezi dhidi ya mkondo. Kila mita 10 unazoshuka zinakuongezea mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Mfuko unagandamana na kioo, kioo nacho hakitambui tena kidole. Kasa anapita, wewe unabonyeza na simu imekufungulia kikokotoo. Yapo makasha magumu yenye vitufe, kama SportDiver ya SeaLife inayofika mita 40, na picha zake karibu na uso wa maji ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani. Kinachonizuia mimi ni kingine: ndani ya simu ile kuna M-Pesa, tiketi ya boti na namba ya mama.

Kamera kubwa ndani ya kasha la Nauticam, Ikelite na wenzao ndiyo inayotoa picha za kutundika ukutani. Kasha peke yake mara nyingi ni ghali kuliko kamera iliyomo, na bado hujanunua dirisha la kuba, flashi mbili na mikono ya kuzishikia. Mwenye nayo hana haja ya ushauri wangu. Asiye nayo asianzie hapo, kwa sababu kwenye mkondo wa kisiwa cha Mnemba mzigo ule unageuka tanga na kukupeleka usikotaka. (Na niseme tu: wenye madude haya ndio wanaosahau haraka zaidi kuwa kuna wazamiaji wengine wanane wanaomtaka kasa huyohuyo.)

Zile mbili zinazogombaniwa

Ugomvi wa kweli uko kati ya GoPro na ndugu zake, zile kamera ndogo za kuvaa kifuani, kwa upande mmoja, na Olympus TG kwa upande wa pili. TG-6 ilitoka 2019, TG-7 ikafuata 2023 kwa jina jipya la OM System, lakini huku kwetu watu bado wanaiita Olympus. Bei zao za kuanzia hazipishani sana: GoPro HERO13 ilitoka 2024 ikiwa karibu dola 400, TG-7 ikiwa karibu dola 550. Pesa zinaanza kupishana baadaye, kwenye makasha na taa.

Kuhusu kina, zote mbili hujisifu kuwa haziogopi maji, na hapo ndipo watu wanapoponzwa. GoPro bila kasha ni mita 10. Ndugu yake, Osmo Action 4 ya DJI, imefika 18. TG bila kasha ni mita 15. Mwenye cheti cha kwanza cha kuzamia anaruhusiwa kufika mita 18, na ng'amba, mmoja wa aina za kasa wetu, hajui cheti chako kinasema nini. Unamfuata kidogo kwenye mteremko, unatazama kompyuta ya kuzamia uliyoivaa mkononi, uko mita 17. Kwa hiyo hesabu kasha kuwa sehemu ya kamera. La GoPro linafika mita 60, lile la TG, PT-059, mita 45. Yote ni zaidi ya mahitaji ya mtu wa kawaida.

Sasa umbali. GoPro ina jicho pana mno. Chukua kasa wa kijani mkubwa, gamba lake kama mita moja, yuko mita tatu mbele yako. Katika GoPro atachukua kama sehemu ya sita ya upana wa picha. Ukirudi ufukweni na kuwaonyesha watu, utasikia "yuko wapi?" ukianza kuonyesha kwa kidole. TG ikiwa haijavuta chochote, nyuma ya kioo bapa cha kasha lake, maji yenyewe yanaipunguzia upana, kwa hiyo kasa yuleyule, mita tatu zilezile, atakuwa kama theluthi ya picha. Hapo TG imeshinda bila jasho.

Lakini mwache kasa asogee. Akifika mita moja, katika TG hatoshi tena: utapata kichwa na bega, mkono umekatwa. Katika GoPro ameenea nusu ya picha, gamba zima, mikono yote miwili ya mbele imekunjuliwa kama mabawa, na nyuma yake unaona mwamba, samaki, mwanga unaoshuka. Ndiyo picha ambayo mtu akiiona anajua alikuwa baharini. TG inaweza kuongezewa lenzi pana ya kufunga kwa nje ya kasha, na ukiifunga inapata yote mawili, ila hiyo ni gharama nyingine, na kitu kingine cha kufungia kamba.

Fokasi nayo ina mambo yake. GoPro haina cha kutafuta: kuanzia karibu kama urefu wa mkono hadi mbali, kila kitu kimekaa sawa. Unabonyeza, imepiga. TG inatafuta kwanza, na kwenye maji yenye chembechembe inaweza kushika chembe badala ya jicho la kasa. Halafu haikupi uhuru wa kuchagua kasi ya shata mwenyewe, jambo linalonikera hadi leo, kwa sababu mkono wa kasa anayeogelea ukipigwa polepole unatoka kama ukungu. Kwa upande wake TG inahifadhi picha ghafi zisizokaangwa na kompyuta yake, nawe ukifika nyumbani unaweza kurudisha rangi bila kuzivuruga. Pia inaweza kusogea hadi sentimita moja kutoka kwenye kitu. Siku ambayo kasa wamegoma, na siku hizo zipo, mwenye TG anajiliwaza na vikonokono vya rangi vilivyo mwambani. Mwenye GoPro anapiga picha za mapezi ya mwenzake.

Kwa video sina la kubishana. GoPro.

Kasa anafanya nini wakati huo?

Hili watu hawalifikirii wanaponunua, wakati ndilo linaloamua. Mazamio ya kasa yana nyakati tatu, na kila moja inapendelea kamera yake.

Wakati wa kwanza ni anapokula. Ng'amba hula sponji, tena kwa nguvu. Anachomeka ule mdomo wake uliochongoka kama wa kasuku katikati ya matumbawe, anakanyaga mwamba kwa mikono, anavuta mpaka kipande kinyofoke. Vumbi linapanda, samaki wadogo wanakuja kuokota makombo. Nimewahi kulala juu ya mchanga, mita tatu pembeni, nikihesabu pumzi, na ng'amba akaja akila kwa kufuata mwamba mpaka nikasikia mdomo wake ukikwaruza. Alikuwa karibu kuliko mkono wangu ulivyo mrefu. Mkononi nilikuwa na TG bila lenzi pana, na nilichopata ni jicho moja na nusu ya shavu. Siku hiyo ningefurahia GoPro.

Siku nyingi, lakini, hilo shavu ndilo lenye thamani. Vigamba vya shavuni mwa kasa vimepangika kwa namna ambayo haijirudii kwa kasa mwingine, mithili ya alama za vidole, na wanaofuatilia kasa hutumia picha za shavu la kulia na la kushoto kumtambua mmoja mmoja bila kumgusa. Picha ya uso ikiwa safi inakupa hata jina la aina yake: kasa wa kijani ana jozi moja ya vigamba kati ya macho na pua, ng'amba ana jozi mbili. Kwa kazi hiyo TG ni chombo, GoPro ni bahati.

Wakati wa pili ni anapolala. Amejichomeka chini ya ubao wa mwamba, kiza, gamba limeota ukoga, macho yamefumba nusu. Hapa GoPro inakufa kabisa. Bila mwanga inatoa picha ya punje punje kama redio isiyoshika stesheni. TG yenye taa ya pembeni inaweza, lakini mimi siku hizi ninampita. Kasa ukimwamsha ghafla anatoka kwa kishindo, anaweza kukwaruza gamba lake na matumbawe, na anatumia pumzi aliyoiweka akiba. Ukipiga, piga moja, kutoka ubavuni, uondoke.

Wakati wa tatu ni anapopanda kupumua, na ndio unaoleta balaa. Anainuka taratibu, tumbo jeupe, jua liko nyuma yake, na kila mtu anataka kumfuata. Kasa anapanda upesi kuliko unavyotakiwa kupanda wewe. Mita 9 kwa dakika ndiyo kasi ninayowafundisha wangu, na nimeshamshika mgeni kwa pezi akipaa na kamera mbele huku kompyuta yake inalia kama king'ora. Baki chini. Elekeza kamera juu, acha apande hadi awe kivuli ndani ya duara la mwanga. Kwa picha hiyo hakuna haja ya taa wala filta, na kusema kweli hata ile simu kwenye kasha gumu ingeitoa.

Kwa vyovyote, mita tatu ndizo mwanzo. Mkaribie kwa ubavu aweze kukuona, si kwa juu kama papa, na usikae kati yake na uso wa maji. Akiinua kichwa na kuacha kula, umeshapita mpaka, simama. Wazee wetu walimkamata kasa kwa chazo, yule samaki mwenye kisahani kichwani: wanamfunga kamba mkiani, wanamwachia, anaenda kujigandisha kwenye gamba, wanavuta. Hawakumkimbiza. Mtu mwenye mtungi mgongoni ndiye anayedhani atamshinda kasa mbio.

Rangi: filta, tochi au flashi

Watu wengi hulaumu kamera kwa kosa la maji. Wekundu hupotea katika mita tano za mwanzo, rangi ya chungwa inafuata kwenye mita kumi hivi, na ukifika kumi na tano gamba la ng'amba, ambalo juani ni asali na kahawa, linakuwa kijani cha dagaa waliolala. Tena mwanga unasafiri mara mbili: kutoka juu hadi kwa kasa, kisha kutoka kwa kasa hadi kwako. Ndiyo maana hatua moja mbele ina faida kuliko megapikseli zozote.

Filta nyekundu ya kubandika mbele ya GoPro ni rahisi, haina betri, na katika maji ya buluu kati ya mita tano na kumi na tano inafanya kazi yake vizuri jua likiwa nyuma yako. Ubaya wake ni kwamba inakula mwanga ambao tayari ni haba, na ukiwasha tochi huku filta iko, kasa anatoka mwekundu kama bendera.

Tochi ya video inaendana na GoPro vizuri, ila nguvu yake inaisha upesi. Saa nne asubuhi, maji safi, tochi ndogo haimfikii kasa aliye mita mbili. Inamulika tu chembechembe zilizo kati yenu. Naipenda kwenye mapango na jioni.

Flashi ya nje juu ya TG ndiyo inayorudisha ile asali ya ng'amba. Nayo ina mpaka: ukivuka mita moja na nusu usitarajie kitu. Iweke mbali na lenzi, pembeni na nyuma kidogo, la sivyo kila chembe itawaka na picha itajaa theluji, kitu ambacho Zanzibar hatuna. Ile flashi ndogo iliyo ndani ya kamera izime kabisa, ni kiwanda cha theluji hiyo. Kwa kasa mmoja mimi napiga tatu au nne, kisha naizima. Na huo ni mchana, chini ya maji. Kasa anayetaga ufukweni usiku ni habari nyingine: hapo hakuna flashi, iwe Mafia au Ras al Jinz kule Oman.

Bahari gani, msimu gani

Hapa sitakawia. Mnemba kuna kasa wa kutosha na mchanga mweupe unaorudisha mwanga juu, faida kubwa kwa GoPro isiyo na taa. Hasara yake ni msongamano wa mashua, kwa hiyo toka mapema. Mafia, ambayo ndiyo hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, tangu 1995, ina maji yanayobadilika na saa: kwenye mlango wa bahari wa Kinasi Pass unaingia na maji yanayojaa, bahari safi ikiingia Chole Bay, maji yakitoka yanabeba tope la ghuba na hapo flashi ni ya kuiacha mashuani. Watamu, kule Kenya, ni hifadhi tangu 1968, na shirika la Local Ocean Conservation wamekuwa wakishughulika na kasa pale tangu 1997, kwa hiyo picha yako ya shavu ina mahali pa kwenda. Kwa zote tatu, kaskazi ndiyo rafiki wa kamera. Kusi ikivuma, tafuta upande uliokingwa na upunguze matumaini. Wakati wa masika mimi hutengeneza vifaa.

Kwa hiyo nani achukue nini

Aliyezamia chini ya mara ishirini asichukue chochote, najua hataki kusikia. Asiyeweza kuelea palepale bila kupiga mikono ataangukia matumbawe macho yakiwa kwenye kioo. Baada ya hapo GoPro kwenye kijiti kifupi, filta nyekundu, na apige video; picha atazitoa humo baadaye. Inasamehe mengi, na ikipotea haikuumi kama nyingine.

Anayetaka kumjua kasa, mwenye subira ya kulala mchangani nusu saa, achukue TG ndani ya kasha, aanze na maji ya mita nane hadi kumi kwa mwanga wa jua, flashi moja aiongeze pesa zikipatikana, lenzi pana mwishoni. Mimi niko huku, na ningelazimika kubaki na moja ndiyo ningebaki nayo.

TG yangu ya kwanza niliiua mwenyewe, na zile mita 15 zake za bila kasha hazikuiokoa. Asubuhi ya haraka, wageni sita, nikafunga kasha mashuani huku mikono ina mchanga. Mita sita chini nikaona uzi wa viputo vidogo ukitoka pembeni mwa bawaba, nikadhani ni hewa iliyojificha kwa nje. Mita kumi kioo kikaanza kujaa jasho kwa ndani, halafu kona ya chini kukawa na kijibwawa kinachocheza kila nikiinamisha. Picha ya mwisho iliyomo ni kidole changu. Nilipofungua juu, kwenye mpira mweusi wa duara palikuwa na unywele mmoja, mfupi, nadhani wa ndevu zangu.

Tangu hapo nafunga kasha usiku, chumbani, feni ikiwa imezimwa, mpira umefutwa na kupakwa grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, na kipakiti cha kunyonya unyevu kimewekwa ndani. Ukinunua TG iliyotumika, na zipo nyingi zinazoachwa na wageni wanaorudi kwao, kagua mlango wa betri na mpira wake mwembamba, na usiliamini kasha lolote kwa maneno. Weka ndani karatasi ya chooni iliyokunjwa na kipande kimoja cha madini ya risasi cha kuongeza uzito ili lizame, acha kamera nyumbani, shuka nalo mita 18, kaa nalo huko dakika ishirini ukibonyeza vitufe vyote kimoja kimoja. Ukirudi mashuani ukaushe kwa nje, lifungue, uichukue ile karatasi uikamue kwa vidole.